Tairi la Mbele Lisisahaulike: Somo kwa Waendeshaji na Abiria wa Pikipiki Kuresoi

Pikipiki ndiyo inayobeba Kuresoi. Katika wadi zote nane, yaani Amalo, Keringet, Kiptagich na Tinet upande wa Kusini, na Kamara, Kiptororo, Nyota na Sirikwa upande wa Kaskazini, ndiyo inayopeleka maziwa kwa mnunuzi alfajiri, viazi sokoni, majani ya chai kituoni, mtoto shuleni na mgonjwa hospitalini. Kazi hiyo yote inategemea sehemu mbili za mpira zinazogusa ardhi, kila moja ikiwa ndogo kuliko kiganja cha mkono.

Waendeshaji wengi huliangalia tairi la nyuma kwa sababu ndilo linaloisha haraka na kutoboka mara kwa mara. Likiwa kipara, hubadilishwa. La mbele huachwa mwaka baada ya mwaka kwa kuwa "bado lina meno". Somo hili linaeleza kwa nini hilo ni kosa, jinsi uchakavu wa tairi unavyobadilisha tabia ya pikipiki, na namna ya kuutambua kabla haujaleta ajali. Si lazima uwe fundi. Unahitaji dakika 10, njiti ya kiberiti na geji ya upepo.

KAZI YA TAIRI

Tairi lina kazi nne: kubeba uzito, kuishika ardhi, kugeuza pikipiki na kupunguza mshtuko wa barabara. Uzito hubebwa hasa na upepo ulio ndani. Kushika ardhi ni kazi ya mpira na meno yake. Kwenye lami yenye maji, mifereji iliyo kati ya meno huyapisha maji ili mpira ufike chini. Kwenye murram, meno huuma udongo. Kwenye matope, nafasi kati ya meno hulitupa tope nje gurudumu linapozunguka. Meno yakiisha, tope hubaki limeganda na tairi linakuwa kama kigogo kilichopakwa sabuni.

Sasa fikiria unapofunga breki. Abiria husukumwa mgongoni mwako. Uzito wa pikipiki nao husukumwa mbele vivyo hivyo: gurudumu la mbele hukandamizwa chini, la nyuma huwa jepesi. Ndiyo maana kwenye barabara ngumu breki ya mbele ina nguvu zaidi ya kusimamisha pikipiki. Lakini nguvu hiyo hupitia tairi la mbele. Tairi lisiposhika ardhi, breki nzuri haina faida.

Tufanye hesabu. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unasafiri karibu mita 11 kila sekunde. Ng'ombe akitokea ghafla, sekunde moja inaweza kupita kabla mkono na mguu havijafika kwenye breki, na mita 11 zimekwisha. Tuseme baada ya hapo tairi zuri linakusimamisha kwa mita 10. Mshiko ukipungua kwa nusu, umbali huo huongezeka mara mbili na kuwa mita 20. Jumla ni mita 31 badala ya 21. Mita hizo 10 ndizo tofauti kati ya kusimama mbele ya ng'ombe na kumgonga.

TAIRI LA NYUMA HUWA BAPA

Tairi jipya la pikipiki lina umbo la mviringo ukilitazama kutoka nyuma. Umbo hilo ndilo linaloiwezesha pikipiki kulala taratibu kwenye kona na kuinuka tena. Tairi la nyuma husukuma pikipiki na kubeba uzito mkubwa wa abiria na mizigo, na muda mwingi husimama wima. Kwa hiyo huisha katikati kwanza. Pande zake hubaki na meno, katikati pakawa bapa.

Tairi bapa huonekana kutulia kwenye barabara iliyonyooka, na ndiyo sababu wengi hawalishuku. Shida huja kwenye kona. Unapoanza kulala, pikipiki hukataa, kana kwamba kuna mtu anaishikilia. Ukiilazimisha, tairi huvuka ukingo wa sehemu iliyo bapa na pikipiki huanguka ndani ya kona kwa ghafla. Kwenye mteremko wenye kona na murram iliyotawanyika, hapo ndipo watu huteleza. Ukiona kona uliyoizoea imekuwa nzito kuingia, usidhani ni uchovu. Shuka uangalie tairi.

TAIRI LA MBELE HUHARIBIKA KIMYAKIMYA

La mbele huharibika kwa njia mbili zisizoonekana upesi.

Ya kwanza ni mawimbi. Badala ya meno kuisha sawasawa, baadhi huliwa upande mmoja zaidi, na tairi linakuwa na mabonde na vilima vidogo kulizunguka. Sababu zake ni upepo mdogo, breki za mara kwa mara, shokapu zilizochoka, rimu iliyopinda au beringi zilizolegea. Gurudumu lenye mawimbi hupigapiga ardhi linapozunguka. Unalisikia mikononi kama mtetemo, na wakati mwingine kama mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda.

Ya pili ni ugumu. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa. Tairi la miaka mingi linaweza kuwa na meno marefu lakini mpira wake umekauka na kuwa mgumu, na nyufa nyembamba zimeanza kuonekana kati ya meno na ubavuni. Mpira mgumu haushiki vizuri jiwe wala lami. Baridi ya nyanda zetu za juu huongeza tatizo, kwa sababu mpira ukiwa baridi hupunguza mshiko. Kwa hiyo dakika za kwanza za safari ya alfajiri ziwe za mwendo wa pole, hata kama tairi ni jipya.

Angalia sasa mzunguko unaowapata wengi. Tairi la mbele limekauka. Mwendeshaji anabonyeza breki ya mbele, gurudumu linajifunga na kuteleza, anaponea chupuchupu. Tangu siku hiyo anasema breki ya mbele ni hatari na anatumia ya nyuma peke yake. Breki ya nyuma peke yake husimamisha kwa umbali mrefu zaidi, na kila gurudumu la nyuma linapojifunga na kuburutwa, mpira wake unaliwa. Mwishowe analipa mara mbili: tairi la nyuma linaisha mapema, na siku ya dharura pikipiki haisimami. Kosa halikuwa la breki. Lilikuwa la tairi la mbele lililoachwa hadi likazeeka.

MTETEMO UNASEMA NINI

Mtetemo ni habari. Ukijua unatoka wapi na unakuja lini, unaweza kumweleza fundi vizuri na kuepuka kulipia kisichohitajika.

Kwanza itenganishe injini. Simamisha pikipiki mahali salama, iweke bila gia, kisha ongeza mafuta kidogo. Mtetemo ukitokea hata ikiwa imesimama, chanzo ni injini au nati zinazoishikilia, si tairi. Usipotokea, endelea na orodha hii:

1. Mtetemo kwenye usukani unaoongezeka na mwendo: shuku tairi la mbele lenye mawimbi, rimu ya mbele iliyopinda, au spoki zilizolegea.

2. Mtetemo chini ya kiti na mahali pa kukanyagia: shuku tairi la nyuma, rimu yake, au tairi ambalo halikukaa sawa kwenye rimu lilipofungwa.

3. Mtetemo wakati wa kufunga breki tu: shuku breki zenyewe, au beringi za shingo ya usukani.

4. Kuruka kwa vipindi sawa, kama anayetembea na kiatu chenye msumari: tairi huenda limevimba mahali fulani. Nyuzi za ndani zikikatika, tairi hutoa kinundu. Usiendelee na safari kwa tairi kama hilo.

5. Mkia kuyumba kushoto na kulia: huenda upepo wa nyuma unaisha, au bushi za mkono wa gurudumu la nyuma zimekwisha. Punguza mwendo taratibu bila kufunga breki kwa nguvu, kisha simama pembeni.

6. Kushtuka unapoongeza au kupunguza mafuta: angalia cheni na sproketi kabla ya kulaumu tairi.

Mtetemo una madhara yake pia. Hulegeza nati, hupasua vishikizo vya taa na kuchosha viganja na mgongo. Mkono uliokufa ganzi hukawia kufika kwenye breki.

UPEPO NA MZIGO

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Hupata joto, huliwa pande zote mbili, na huifanya pikipiki iwe nzito kugeuza. Lenye upepo mwingi kupita kiasi huliwa katikati, hurukaruka kwenye mawe na kupunguza mshiko. Kwa pikipiki nyingi za 100 hadi 150 cc, kiasi kinachopendekezwa kwa tairi la mbele huwa karibu na psi 25, na la nyuma huwa zaidi ya hapo, likiongezwa ukibeba abiria. Kipimo halisi cha pikipiki yako kiko kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko karibu na cheni. Hicho ndicho cha kufuata.

Pima asubuhi kabla ya kuanza safari, tairi likiwa baridi. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo ndani ya tairi hupungua kwa psi 1 hadi 2. Kwa hiyo tairi lililojazwa mchana wa jua likiwa moto litasoma chini alfajiri ya baridi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Kidole hakiwezi kutofautisha psi 18 na 28.

Mzigo nao una mahali pake. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa uzito wa juu wa gunia la viazi. Gunia moja la namna hiyo ni karibu uzito wa mtu mzima mwembamba. Likifungwa nyuma kabisa ya kishikio, kupita ekseli ya gurudumu la nyuma, hufanya kazi kama mtu aliyekalia mwisho wa bembea: huinua upande wa mbele. Tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na breki ya mbele haina uzito wa kuisaidia. Mitungi ya maziwa huongeza tatizo jingine, kwa sababu maziwa hucheza ndani ikiwa haijajaa. Funga mzigo chini na karibu na kiti iwezekanavyo, gawa uzito sawa kushoto na kulia, na usizidishe uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Uzito huo humhesabu pia mwendeshaji.

UKAGUZI WA DAKIKA 10

Fanya ukaguzi huu mara moja kwa wiki, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na injini imezimwa.

Hatua ya kwanza: pima upepo wa matairi yote mawili kwa geji.

Hatua ya pili: zungusha kila gurudumu polepole na utazame. Tafuta misumari, mawe yaliyokwama, mipasuko, vinundu na nyuzi zilizojitokeza. Nyuzi zikionekana, tairi limekwisha. Hakuna tiba nyingine isipokuwa kulibadilisha.

Hatua ya tatu: tumbukiza njiti ya kiberiti kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha uilinganishe na rula. Pima mahali patatu, katikati na pembeni. Matairi mengi yana herufi TWI au mshale mdogo ubavuni. Fuata mshale huo hadi kwenye mfereji utaona kinundu cha mpira. Meno yakifika usawa wa kinundu hicho, muda wa tairi umekwisha. Kwa barabara zetu za matope, ni busara kubadilisha kabla ya kufika hapo.

Hatua ya nne: ukishahakikisha hakuna chuma wala kioo, pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma. Likiwa laini upande mmoja na kukwaruza kama msumeno upande mwingine, mawimbi yameanza.

Hatua ya tano: shikilia kalamu kwenye foki, ncha yake ikikaribia rimu, kisha zungusha gurudumu. Rimu ikiisogelea kalamu na kuiacha, imepinda. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti iliyokufa.

Hatua ya sita: shika gurudumu kwa mikono miwili na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimechoka. Tairi jipya kwenye beringi mbovu litaharibika kama lile la zamani.

WAKATI WA KUNUNUA

Soma namba za ubavuni. Tairi lenye 2.75-17 lina upana wa takriban inchi 2.75 na huingia kwenye rimu ya inchi 17. Nunua saizi iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2224 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Tairi "jipya" lililokaa dukani miaka mingi limezeeka likiwa rafuni. Mtengenezaji Michelin, kwa mfano, hushauri tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe na mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe lisitumike tena.

Kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Hakikisha fundi ameufuata. Weka tyubu mpya kwenye tairi jipya kama ile ya zamani ina viraka vingi. Baada ya kufunga, endesha kwa upole kilomita 100 hadi 150 za kwanza, kwa kuwa uso wa tairi jipya huwa na utelezi.

Mambo matatu ya kukataa. Usikubali tairi kipara lililochongwa mifereji kwa kisu. Kilichobaki ni mpira mwembamba unaokaribia nyuzi. Usihamishe tairi la nyuma lililochoka kulipeleka mbele. Umbo lake limeshakuwa bapa, na mara nyingi hata saizi si ile. Na usichome tairi kuukuu. Moshi wake ni sumu kwa jirani na mifugo.

HESABU YA SHILINGI 20

Wengi hawachelewi kubadilisha tairi kwa kutojua. Huchelewa kwa sababu fedha za siku zina kazi nyingine: mafuta, mkopo wa pikipiki, karo. Basi tugawe gharama. Tuseme tairi lako ni shilingi 3,000 na linadumu miezi 6. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi. Ukifanya kazi siku 25, ni shilingi 20 kwa siku. La mbele hudumu muda mrefu zaidi, hivyo sehemu yake ni ndogo kuliko hiyo. Weka bei na miezi yako mwenyewe kwenye hesabu hii, kisha tenga fedha hizo kila jioni kabla ya matumizi mengine. Wanachama wa stegi moja wanaweza pia kuchanga na kununua geji moja ya upepo, ikakaa kwa mwenyekiti na kutumiwa na wote.

Upande wa pili wa mizani upo. Mvunjiko wa mguu ni miezi bila kazi, na kwa majeraha makubwa ni safari ndefu hadi Nakuru mjini. Hakuna tairi linalofikia bei hiyo.

SHERIA, NA SAUTI YA ABIRIA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari au pikipiki ambayo hali yake inaweza kuhatarisha watu kutumiwa barabarani, na matairi ni sehemu ya hali hiyo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na asibebe abiria zaidi ya mmoja.

Abiria, nawe una sehemu yako. Kabla ya kupanda, tupia macho matairi yote mawili. Ukiona kipara au nyuzi, sema kwa heshima: "Kaka, tairi hili limekwisha, ngoja nichukue nyingine." Mzazi anayemkabidhi mtoto kwa mwendeshaji yuleyule kila asubuhi ana haki ya kuuliza tairi la mbele lilibadilishwa lini. Swali hilo likiulizwa na wateja wengi, litafanya kazi kuliko bango lolote.

JIPIME

1. Kwa nini tairi la mbele lenye meno marefu linaweza kuwa hatari kuliko linavyoonekana?
2. Pikipiki inakataa kulala kwenye kona, kisha inaanguka ndani ghafla. Tairi gani limechoka, na limechoka vipi?
3. Mtetemo unatokea hata pikipiki ikiwa imesimama bila gia. Je, utanunua tairi?
4. Tarakimu 0823 ubavuni mwa tairi zina maana gani?
5. Tairi la mbele la pikipiki unayoitumia lilifungwa mwaka gani? Kama hujui, anza na hilo kesho asubuhi, kabla ya safari ya kwanza.